Kiti cha Kiberenge

...na eti aseme inauma wapi, hivi hivi, mchana kweupe, mlango wa karakana uko wazi na watu wanapita nje na mizigo yao, fundi wa baiskeli amechuchumaa ubavuni pa gurudumu la nyuma na kispana chake kilichopinda kikiwa mdomoni, na baba mdogo amesimama mbele ya usukani, mikono kifuani, saa ya kuhesabia mwendo inaning'inia shingoni, na swali lenyewe hata hakuulizwa yeye, fundi alilitoa pembeni ya kile kispana, "Kwani inamuuma wapi?", kama mtu anayeuliza habari za ng'ombe kwa mwenye ng'ombe, na mwenye ng'ombe akalipokea na kulisukuma mbele, "Sema, mwanangu, fundi anataka kujua inauma wapi," halafu huyo huyo aliyesema sema akageuza uso, akaanza kusoma maandishi kwenye boksi la tyubu lililoko rafuni, akayasoma kwa bidii utadhani yameandikwa habari za ukoo wake, basi atamwambia nani sasa, aliambie boksi?... Alikuwa juu ya baiskeli yake ya mashindano, ile ya tairi nyembamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, imefungwa kwenye stendi katikati ya karakana, gurudumu la nyuma juu ya rola linavuma, akikanyaga bila kwenda popote, na akaendelea kukanyaga, maana anayekanyaga anaonekana yuko kazini na aliye kazini hadaiwi jibu la haraka, na jibu lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, lina miaka miwili limelala pale, niko sawa, maneno mawili tu, ameshayasema mvuani, ameshayasema vumbini, ameshayasema siku aliyoshuka kwenye baiskeli akatembea kama mtu aliyebeba ndoo katikati ya magoti, niko sawa, kocha, maana mazoezini ni kocha na nyumbani ni baba mdogo, na leo katika karakana hii hajui ni yupi, mdogo wake marehemu baba au yule mwenye saa na filimbi aliyetunga sheria ya timu siku ya kwanza kabisa, anayelalamika apishe mwenzake, na mwenzake anamjua, mwenzake ni yule msichana mwembamba wanayemwita Sindano, anayekaa nyuma ya gurudumu lake kila mlima akisubiri mtu aonyeshe udhaifu, na leo ni Alhamisi, na mchujo ni Jumamosi, kilomita mia na ishirini, wanawake wanne wanachukuliwa kwenye timu kubwa, na mwaka jana yeye Kiberenge, anayeitwa hivyo kwa sababu akishashika mwendo hasimami mpaka reli iishe, alikuwa wa tano, wa tano kwa urefu wa gurudumu moja, na mwakani atatimiza miaka thelathini, na hakuna timu duniani inayomsubiri mtu wa miaka thelathini. Anaitaka nafasi ile. Anaitaka hadi anaona haya kuitaka kiasi hicho.

Inauma wapi... rahisi zaidi kusema pasipouma, visigino haviumi, nywele haziumi, lakini huko, huko inaanza na ganzi, dakika ya ishirini tu nyama ya mbele inakufa kama mdomo uliotoka kung'olewa jino, haipo, unakalia kitu kisicho chako, na hiyo ndiyo sehemu nzuri ya safari, maana kilomita ya arobaini uhai unarudi, na haurudi peke yake, unarudi na moto, halafu kushoto, pale paja linapoishia, panaanza kusuguliwa, na pale ndipo penye ule uvimbe, mdogo, kama harage, unavimba Jumatatu, unapasuka Alhamisi, unajifanya umepona Jumamosi, miezi saba sasa, na mtu anayetaka kuyajua yote hayo anachuchumaa umbali wa hatua moja, mwanaume mzima mwenye mafuta ya mnyororo hadi kwenye nyusi, na mwingine ndiye aliyemshika mkono siku baba alipozikwa, jamani, kuna maneno hayana njia ya kupita katikati ya watu wa namna hiyo... "Utazoea," ndivyo alivyosema kocha mwaka wa kwanza, alipomwona anainuka kwenye kiti kila baada ya dakika chache, "kiti cha mashindano si kochi, makalio yanakomaa kama mikono ya mkulima, utazoea," na yeye akaamini, akasubiri kukomaa, akajikaza kisabuni, kumbe nyama ya pale haikomai, ingekuwa inakomaa dunia ingekuwa na wanawake wa chuma... na mama naye, mama na ile bukta, siku alipoileta nyumbani bukta yake ya kwanza ya kuendeshea, ile ya kubana yenye sponji ndani, mama aliigeuza geuza, akaingiza mkono, akabonyeza ile sponji, akauliza, "Na hii unaivaa juu ya nini?", "Hivi hivi, mama, wanasema inavaliwa hivi hivi," "Wanasema nani? Mwanamke hatoki nje na nguo moja huko. Vaa chupi yako ndani kama mtu mwenye kwao," na yeye akavaa, yeye, fundi cherehani, mtu ambaye kazi yake toka asubuhi hadi jioni ni kushona sare za shule na za hospitali, anayejua kwa ukucha mshono unapoumiza mtu kwapani, alivaa chupi ya pamba yenye mishono minne minene ndani ya bukta isiyo na mshono hata mmoja pale, akaikalia miezi kumi na minne, na mishono ikamla kama msumeno, taratibu, kwa heshima zote. Aliyemwokoa ni Sindano, tena si kwa wema, alimwona chumba cha kubadilishia nguo akapiga kelele, "Jamani, njooni muone, Kiberenge ana chupi ndani ya bukta! Kwani unakwenda kanisani?", wakacheka wote hadi mmoja akakaa chini, na kilichomkera si kicheko, kicheko kinapita, kilichomkera ni kwamba wote walikuwa wanajua na hakuna aliyemwambia, miezi kumi na minne wanamwangalia anavyochechemea, midomo wameifumba. Toka siku ile anaivua, lakini kila akirudi mazoezini anaichovya majini chupi safi, anaikamua, anaianika kwenye kamba ya nguo, ili mama akipita aione.

"Basi asiseme," alisema fundi huko chini, si kwa ubaya, akanyanyuka, magoti yakamlia, "kanyaga, dada, kanyaga kama kawaida, usijipange," na akazunguka nyuma yake, na hapo akajua anaangaliwa kiuno, akaona aibu, halafu akaona hasira kwa kuona aibu, maana mtu akiangalia tairi lako hujifuniki... "Kiti kiko juu mno," fundi akasema, "angalia, kocha, kila pedeli ikifika chini anaifuata na kiuno, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Hapo lazima achubuke," na kocha akajibu bila kugeuka, "Nilikipandisha mimi. Miguu yake mirefu, nguvu ziko kwenye kunyoosha," na fundi akachukua pima maji, ile ya waashi, akailaza juu ya kile kiti kirefu chembamba, akaielekeza kwenye mwanga ili aone povu limesimama wapi, yeye Kiberenge amesimama kwenye pedeli, ameinua mwili, mapaja yanatetemeka, wanaume wawili wanaangalia povu la maji chini yake, "Na pua ya kiti imeinuliwa. Hii pua inamchoma," "Ukiishusha anateleza mbele," "Atateleza kidogo, sawa, lakini hii inamchoma," na hilo neno, inamchoma, limesemwa hivyo hivyo tu na mtu mwingine, bila kuombwa, lilimfanya karibu alie, akaangalia minyororo iliyoning'inizwa ukutani mpaka macho yakakauka. Mara moja tu alishawahi kulalamika, mwaka jana, tena kwa kuzunguka mbuyu, alisema "Kocha, kiti hiki kigumu kidogo," na kocha, haki ya Mungu, hakumkaripia, kesho yake alileta kiti kingine, kinene kama mto, kimejazwa jeli, amefurahi kama mtu aliyeleta zawadi, na ukikibonyeza kinarudi polepole, na wiki ya kwanza alidhani ameingia peponi, wiki ya pili uvimbe ukazaliwa, na hakusema, angesemaje, ameletewa mto bado anataka nini, na kiti hicho fundi amekitoa leo asubuhi hii hii, baiskeli ilipoletwa kukaguliwa kwa ajili ya Jumamosi, kabla hajamwambia apande, amekididimiza kwa dole gumba hadi likafichika, akacheka, "Hiki ni cha kwenda sokoni na kurudi. Ukikikalia saa nne mifupa inazama, na mifupa ikizama nyama ndiyo inabeba mzigo," na akakitupa juu ya benchi, akamrudishia cha zamani, ndipo alipouliza inauma wapi, maana mtu haweki mto pasipouma, na kocha akanuna, akanuna kabisa, mdomo nje, kama mtoto aliyeambiwa mchoro wake mbaya. Nyama ndiyo inabeba mzigo... huko kiwandani anakoshona wanamsifu, msimamizi alisimama mbele ya mafundi wote akasema igeni mfano wa huyu dada, yeye ndiye aliyeomba kuhamia meza ya kukatia, hakai, tangu asubuhi hadi jioni yuko wima, huyu ndiye mfanyakazi, wakapiga makofi, na yeye akatabasamu na mkasi mkononi, na ukweli ni kwamba kile kigoda cha cherehani kilikuwa kimeshamshinda, angekaa pale dakika kumi zaidi angepiga ukelele, na muuguzi wa kile kituo cha afya cha mtaa wa pili, ambaye Kiberenge alimwendea ili asionwe na wa mtaa wake, alimwambia alale, akaangalia, akauliza, "Dada, unafanya kazi gani?", "Nashona," "Kushona hakufanyi hivi," na yeye akaangalia dari, na muuguzi akamsafisha huku akizungumza polepole, "Sikiliza. Wiki mbili usikalie chochote chembamba. Ukikipasua kijipu hiki tena hatutakisafisha, tutakikata, na kidonda cha kukatwa hapa si cha kupona haraka," akasema asante sana dada, akashuka kitandani, na baada ya siku mbili akaendesha kilomita tisini, akaja wa kwanza, na kocha akamwambia umeona sasa, umeona moyo unavyoshinda mwili, na mwili ulikuwa unavuja.

"Hebu nianze na kipimo chake," fundi alikuwa anasema, ameacha kusubiri jibu, amekwenda ukutani kwenye ule msumari mrefu ambako vimetungwa vipande vya boksi, kimoja kimoja kina jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na kila kipande kina mashimo mawili yaliyobonyea, yamezungushiwa chaki, maana ndivyo anavyopima huyu fundi, kila mtu mjini anajua, unaweka boksi juu ya benchi gumu, mtu anakaa, anainua magoti, anajikandamiza, mifupa yake ya kukalia inaacha alama mbili, anazipima kwa rula toka katikati hadi katikati, na kwa kipimo hicho anachagua upana wa kiti, na waendeshaji wote wa mji huu wana makalio yao pale msumarini, wengine wanayataja kwa majivuno, mimi milimita mia na kumi na mbili, mimi mia na ishirini, na fundi akapekua, akapekua, akachomoa kimoja, akasoma, KIBERENGE, herufi kubwa, akaweka rula, akakunja uso, "Mia na tatu," akasema, "mia na tatu? Kwa nyonga hizi?", akaweka rula tena, akamwangalia yeye, akaangalia boksi, "Dada, siku ile ulikaa vizuri kweli? Hii ni mifupa ya mwanamume," na Kiberenge akatafuta siku ile, akaitafuta huku akikanyaga, siku ipi, benchi lipi, hajawahi kukaa juu ya boksi lolote, yeye baiskeli aliletewa imeshakamilika, kiti kimeshafungwa, akaambiwa kimechaguliwa kwa kipimo, kipimo chako kabisa, na aliyemwambia sasa hivi amefika mwisho wa maandishi ya boksi la tyubu na anaanza tena mwanzo... "Kocha," fundi akasema. "Naam." "Huyu alikaa?" "Fundi, si tulielewana siku ile." "Tulielewana nini? Maboksi ni mengi, sikumbuki." "Si tulielewana kwamba... ah, wewe nawe. Nilikaa mimi." "Ulikaa wewe?" "Ningemleta mtoto wa marehemu kaka yangu aje ajikandamize kwenye maboksi mbele za watu? Sisi ukoo wetu tunafanana, umbo moja, uliza yeyote. Nikakaa mimi," na fundi akamwangalia kocha, akaangalia alama mbili za chaki, na mdomo wake ukaanza kuchezacheza, na kama angecheka pale, kama angecheka tu kidogo, Kiberenge angeshuka na baiskeli na stendi yake.

Alikaa yeye... alikaa yeye, baba mdogo, na suruali yake ya kitambaa yenye mstari, alipanda kwenye benchi lile, akainua magoti yake yale, akajikandamiza kwa niaba yake, akashuka, akajipangusa, akamwambia fundi andika Kiberenge, na toka siku hiyo, miaka miwili, ukiondoa miezi ya jeli, kilomita elfu ngapi, yeye amekuwa akikalia makalio ya baba yake mdogo, na hilo ndilo lililomfanya ashindwe kujua kama hiki kinachompanda kifuani ni kicheko au ni matapishi, na kikampanda, kikafika kooni, kikageuka kuwa hasira, hasira safi, ya moto, ambayo hajapata kuwa nayo dhidi ya mtu wa damu yake... tunafanana! Umbo moja! Yeye akiletewa kitambaa cha kazi za pembeni, na mama wa watu akasema nipime mimi, binti yangu yuko nyumbani, tunalingana, yeye Kiberenge anaweka futi kamba mezani anasema hapana, mama, kamlete mwenyewe, kwa gauni, jamani, kwa gauni la kuvaa siku moja kwenye sherehe, anakataa, na mwili wake mwenyewe umekatwa kwa kipimo cha mwanaume wa miaka hamsini na saba mwenye miguu ya matege! Na aibu gani hiyo anayoisema, aibu ya nani, huyu si ndiye anayewapanga mstari kila alfajiri, watu kumi na wawili, wanaume kwa wanawake, na kumuuliza mmoja mmoja kwa sauti ya filimbi, "Mkojo wako leo una rangi gani?", na mtu anajibu, wa njano, kocha, mweupe, kocha, kama chai, kocha, na anaandika kwenye daftari, bila haya, bila kupepesa, maana mkojo ni wa mazoezi, mkojo una faida, huyu si ndiye aliyewahi kumuuliza mbele ya Sindano ulipata choo, eti, choo anaweza, damu ya pua anaweza, matapishi ameshayaosha kwa mikono yake kwenye jezi za watu, lakini mahali pale ambapo mwili wote unakalia, mahali ambapo mwendo wote unaanzia, pale pamefungwa, pale pana ukoo, pale pana marehemu kaka, pale anakaa yeye kwa niaba... na alilia, huyo huyo, usimsahau, siku alipokuja wa tatu kwenye mbio za milimani alikaa chini barabarani akalia na kofia usoni, akamwambia baba yako angeona, na ni kweli alilia, na ni kweli anampenda, na kwa nini akili inamletea hilo sasa hivi, nani ameiomba, mtu anataka kuchukia kwa raha zake dakika tano na akili inamletea kofia.

"Mwanangu, mkanyago wako umebadilika," alisema kocha, akiangalia saa, "mizunguko imepanda, tulia," na akatulia, akatulia kwa nje, miguu ikarudi kwenye mwendo wake, rola likarudi kuvuma sauti moja, na fundi akaweka lile boksi juu ya benchi karibu na kile kiti cha jeli, akasubiri, si mtu mbaya huyu fundi, anasubiri jibu lile lile, hajalisahau, na neno lile lile likamjia ulimini kwa mazoea, niko sawa, likawa limeshafungua mlango, na hapo ndipo alipolisikia, ndani, kabla halijatoka, akalisikia kama mtu mwingine anavyolisikia, na akaona jinsi lilivyomfaa baba mdogo, jinsi lilivyompumzisha kila alipolipata, mabega yanamshuka, anaandika daftarini, anapiga filimbi, kumbe miaka miwili hakuwa anaficha maumivu yake, alikuwa anamfichia yeye aibu yake, anamtunzia, anaibeba kwa nyama yake mwenyewe kilomita kwa kilomita ili mzee asilazimike kugeuza uso, na mama naye, ile chupi safi kwenye kamba, ilikuwa ni hiyo hiyo kazi, na msimamizi na makofi yake, wote amewahudumia, wote wako sawa, yeye tu ndiye mwenye kidonda... na alijiuliza ni lini mtu alimwomba ukweli na yeye akautoa, akakosa hata mara moja, hata kwa muuguzi aliyekuwa ameushika mkononi, nashona, alisema, nashona! Basi na yeye yumo. Na hasira ile haikupungua alipojua kwamba na yeye yumo, ilibadilika tu mahali pa kukaa, ikaacha kuruka ruka, ikatulia tumboni, nzito, na akaona anaweza kuitumia... Akisema, kocha anaweza kumtoa, ni kweli, ana sheria yake na ana ukaidi wake, na kiti kipya hakizoeleki kwa siku mbili, na lile harage linaweza kupasuka kilomita ya hamsini kiti kiwe cha dhahabu, na muuguzi alisema wiki mbili na wiki mbili si Jumamosi, hilo lote analijua, na Sindano atapanda mahali pake na atapanda vizuri, mwembamba yule, hana huruma, na orodha itasomwa majina manne na la kwake halimo, na mwakani ni thelathini, na ikawa kama ameshaisikia ikisomwa, akaisubiri iume, na ikauma, iliuma vibaya sana, kuliko alivyodhani, ila iliuma mahali pengine, kifuani, mahali ambapo mtu anaweza kupataja mbele ya yeyote. Alishusha pumzi. Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni, akaangalia ndani, akaendelea na safari yake. Kushoto, atamwambia fundi, hapa paja linapoishia, kuna kidonda, kina miezi saba, na mbele panakufa ganzi, pale mbele kabisa, nyama yenyewe, si mfupa, na atapataja kwa jina lake kama fundi hataelewa, fundi ana mke na mabinti, atavumilia, halafu atashuka akae mwenyewe kwenye boksi jipya, magoti juu, ajikandamize mpaka liingie, lakini si baba mdogo akiwa amesimama pale, si mbele ya mgongo wa mtu anayejifanya hayupo, ukweli huu wa kwanza hatautolea kwenye mgongo wa mtu.

"Baba mdogo," alisema, na hakuwahi kumwita hivyo akiwa juu ya baiskeli, sauti ilimtoka ya kawaida kabisa, "fundi nitamwambia inauma wapi. Wewe toka nje."

"Nani, mimi?" baba mdogo akauliza, na Kiberenge akaendelea kukanyaga, akimwangalia usoni, akimsubiri aanze kutembea.